Usikae Mpaka Kikao Kifungwe

Nadine mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia ukutani: unafungua sanduku, unalifunga, unalifungua tena. Yangu nayo usiiulize. Nimekaa jikoni, chai imepoa, na baba yako anapitapita nyuma yangu kuona kama ninaandika barua au makala.

"Mama Nadine," ameniambia, "mtoto anasafiri, hagombei ubunge. Fupisha."

Nimemwambia aende akalale. Amecheka, akachukua kipande cha chapati, akaenda zake.

Mambo ya sweta, ya dawa, ya kupiga simu ukitua, hayo ameshayamaliza yeye na shangazi yako Consolata, ambaye tangu asubuhi anatuma ujumbe wa sauti kutoka Buffalo kana kwamba China hakuna maduka. Mimi nina jambo moja tu. Kampuni yako ya Columbus inakupeleka Suzhou, kwenye tawi lake la kutengeneza pampu, na huko kuna karatasi inakungoja. Ukiitia sahihi, wewe ndiwe utakayeandikwa mhusika wa tawi zima kwa mambo yote ya sheria ya ushindani. Likiharibika neno, hawatakuja Columbus kumtafuta bosi. Watakuja kwenye meza yako. Yule aliyekutangulia aliondoka kabla ya mkataba wake kwisha, na ulipouliza sababu ukaambiwa alikumbuka nyumbani. Mtu mzima, Nadine, mwenye mvi, eti alikumbuka nyumbani!

Naogopa. Nimeandika maneno makali maisha yangu yote, na neno hilo fupi ndilo limenishinda kuandika wiki nzima.

Ulipotuletea habari ya safari hii nilifanya ninachofanya siku zote. Niliweka makala ndefu kwenye kikundi chetu cha simu cha watu wa Maziwa Makuu, nikasema sheria ya China ya kuzuia ukiritimba ni rungu lililopakwa rangi ya mizani, na mwekezaji wa kigeni ndiye kichwa kilichotafutiwa rungu hilo. Watu wakanishangilia. Wewe ukanipigia simu kutoka Columbus, ukazungumza kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani ikiwa na ufa. Ukasema wengi wanaotozwa faini chini ya sheria ile ni Wachina wenyewe. Ukaniuliza: nimeisoma sheria, au nimesoma hasira za watu walioisoma?

Nilikata simu. Kisha nikaenda maktaba, nikasoma, siku baada ya siku, nikitoka zamu ya kuwatunza wazee wangu hapa South End, Louisville. Ulikuwa sahihi nusu, na nusu hiyo nakupa leo kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nilikunyima. Sheria yenyewe haitishi. Inasema yale yale yanayosemwa na sheria za huku na za Ulaya: wauzaji msipange bei pamoja, mkubwa asimkabe mdogo, kampuni zisiungane kabla ya kupata ruhusa. Mtu angeweza kuisoma kanisani na hakuna ambaye angeshtuka.

Nusu yangu ni hii. Anayepima hapimi peke yake. Kampuni yako inataka kuinunua kampuni nyingine ya pampu, na kwa kuwa zote mbili zinauza kule, lazima Beijing iridhie. Wakaguzi wanaziuliza wizara. Wanaviuliza vyama vya wenye viwanda, na ndani ya vyama hivyo wamekaa washindani wenu na wateja wenu. Mtu akiulizwa kama jirani yake aruhusiwe kupanua ua, hajibu kama shahidi, anajibu kama jirani. Na hata wakiruhusu, wanaweza kuwafunga kwa masharti: mtawauzia hawa, kwa namna hii, kwa miaka kadhaa. Kisha kuna saa. Sheria iliporekebishwa, wakaguzi walipewa uwezo wa kuisimamisha saa ya ukaguzi wakisema maelezo hayajatimia. Faili lenu limesimamishwa hivyo. Halijakataliwa, halijakubaliwa. Washington na Beijing zinapogombana juu ya ushuru, nani ataniapia kwamba ugomvi huo hauingii kwenye chumba lilimolala faili lenu? Ushahidi sina. Nina woga tu.

Lakini woga huu una shule yake. Wewe ulizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma ukatoka mdogo, hukumbuki. Mimi nilikulia pale. Faili letu la kuja Amerika nalo lilisimama, kwa maneno hayo hayo: maelezo hayajatimia. Maelezo gani, hatukuambiwa. Bibi yako aliyemzaa baba yako alifariki likiwa limesimama. Na pale nilijifunza kitu kuhusu watu wenye mafaili yaliyosimama: wanakuwa na adabu kupita kiasi. Babu yako, mtu aliyekuwa hakubali kupangiwa hata mahali pa kufunga mbuzi, alianza kuhudhuria kila kikao cha kila kamati, kamati ya maji, kamati ya vyoo, kamati ya kamati, ili asije akaonekana mkaidi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa mambo asiyoyataka. "Tusiwaudhi," alikuwa anasema. "Labda kuna anayeandika."

Kwa hiyo uliponisomea maagizo ya bosi wako nilisikia sauti ya babu yako. Nenda kahudhurie kila mkutano wa chama cha wenye viwanda. Tabasamu. Usimuudhi mtu, faili letu liko mezani. Kampuni kubwa ya Columbus imekuwa mkimbizi, Nadine, na kama wakimbizi wote imetafuta binti mpole wa kumtanguliza mbele.

Sasa nikurudishe Buffalo. Kisa hiki umekisikia kwenye harusi, Consolata akikitumia kunichekesha na kunichoma, lakini hujakisikia kwangu.

Tulipofika Amerika tulikaa Lower West Side, ghorofa ya juu ya duka la shangazi yako, duka lile la samaki wakavu, mawese na unga wa muhogo. Yalikuwepo maduka mengine ya watu wetu karibu karibu. Kisha akaja Mama Furaha, mjane kutoka Bukavu, akafungua duka na akauza unga kwa bei ya chini kuliko wote. Wateja wakamiminika kwake. Wenye maduka wakaja kulia kwangu, kwa sababu tayari nilikuwa na jina la mtu anayejua kusema. Na mimi, badala ya kuwauliza kwa nini unga wao ni ghali, nikaitisha kikao nyuma ya kanisa. Nilisimama nikazungumza juu ya umoja. Nilisema anayeshusha bei anatuvua nguo sote. Nilisema kila kitu ila neno la kweli. Tukakubaliana bei moja ambayo hakuna atakayeishusha, na tukakubaliana kumwambia mwenye lori la bidhaa za jumla kwamba akimpelekea Mama Furaha mzigo, sisi hatumtaki tena.

Nilitumwa mimi kumpa habari. Alikuwa anapanga maboksi. Hakuacha kupanga.

"Bon," akasema kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa, "miye sikuje Amerika kuomba ruhusa ya kuuzisha bunga. Donc, muniache."

"Mama Furaha, ni kwa ajili ya umoja wetu."

"Umoja ya nani? Miye muliniita ku kikao?"

Nikaondoka nikisema ni mkorofi. Huo ndio ugonjwa wetu sisi waandishi wa hasira: mtu akitushinda kwa swali, tunamwita mkorofi.

Shangazi yako hakulipenda jambo lile. Alikuja kikaoni akiwa amechelewa, akakaa karibu na mlango, akaniangalia kwa macho ya kuniambia wifi, acha. Lakini hakusema. Na hakuondoka pia, maana unajua desturi yetu: mtu wa heshima hainuki kabla ya sala ya kufunga. Mchungaji akainua mikono, akamwomba Bwana aibariki bei ile na awaunganishe watoto wake. Wote tukaitikia Amina. Consolata naye. Nani anayenyamaza mbele ya sala?

Baadaye akaja mwanasheria kijana aliyekuwa akisaidia wahamiaji mambo ya mikataba ya nyumba. Akasikia watu wakijisifu kwa bei ile. Uso ukambadilika. Akatuketisha, akaeleza kwamba huku kitu hicho ni kosa, tena kosa zito, na halisafishwi na kufanywa kanisani. Consolata akainua mkono kwa haraka.

"Mimi sihusiki. Nilikaa mlangoni. Sikusema kitu."

"Kabisa? Hata mwishoni?"

"Mwishoni nilisema Amina tu."

Kijana akauliza Amina maana yake nini. Mimi, mjuaji, nikamfafanulia: na iwe hivyo. Akaweka kalamu mezani.

"Basi ulikubali," akamwambia.

"Nilikuwa namwambia Mungu!" Consolata akapiga kelele. "Si hawa!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mpaka leo tunacheka. Hakuna aliyeshtakiwa. Kijana alituambia tuvunje makubaliano yale, tukayavunja. Lakini duka la Mama Furaha lilikuwa limekwisha kufungwa, rafu tupu, na yeye ameondoka mjini na watoto wake bila sisi kujua ameelekea wapi. Hilo halimo kwenye kisa cha harusini. Mtu pekee katika mtaa ule aliyekuwa anafanya ushindani tulimfukuza kwa jina la umoja, na mkono wa kwanza ulikuwa wangu.

Sasa fikiria Suzhou. Wewe mwenyewe ulinieleza: mtu akikaa mkutanoni washindani wakitaja bei, akapokea karatasi yao, akaondoka bila kupinga, na kesho yake bei ya kampuni yake ikafuata, ana kazi kubwa ya kueleza kwamba hakukubaliana nao. Hata alama ya kidole gumba kwenye kikundi cha simu kinaweza kutolewa kama ushahidi. Ukasema wakaguzi wanaweza kuingia ofisini bila taarifa, wakachukua kompyuta na simu, na kwamba barua za wakili hazina kule kinga zinayopewa huku. Na ukasema, kwa sauti ile ile tulivu, kwamba tangu sheria irekebishwe faini haiishii kwa kampuni. Inaweza kumfikia mtu mwenyewe aliyehusika. Mtu mwenyewe. Yule ambaye jina lake limo kwenye karatasi.

Siogopi kwamba utafanya hila. Hila huna. Naogopa upole wako, kwa sababu najua ulitoka wapi.

Unakumbuka shule yako ya kwanza hapa Louisville, tulipohamia kutoka Buffalo, mwalimu alipotaka kukushusha darasa kwa sababu ya Kiingereza? Alikugeukia wewe, akakuuliza unaonaje. Ulifungua kinywa. Nikajibu mimi. Nilijibu vizuri sana, nakuhakikishia, yule mwalimu alitoka jasho, na hukushushwa darasa. Tulipofika kwenye gari nikasema, "Umeona tunavyopigana?" Ukasema ndiyo, Mama. Nilijibu kwa mwenye nyumba, kwa daktari wa meno, kwa mchungaji, kwa yule mvulana aliyekuja kukualika sherehe ya shule. Kila neno lililokuwa likielekea kwako nililidaka hewani. Nilidhani nakufundisha kusema. Kumbe nilikuwa naijaza nyumba nzima sauti yangu, na wewe ukatafuta pembe iliyobaki, ukakuta iliyobaki ni kimya.

Matunda yake niliyaona Columbus, nilipokuja kukutembelea chuoni nikakukuta unalala maktaba. Mwenzako wa chumba alikuwa amemleta mpenzi wake akae nanyi.

"Ulikubali?" nikakuuliza.

"Sikukataa, Mama."

Nikataka kumfuata yule binti, ukanishika mkono, na siku hiyo nikamkasirikia mpole badala ya kumkasirikia mkosaji. Lakini jibu lako halijanitoka. Sikukataa. Kwako kuna nchi nzima kati ya kukubali na kutokataa, na umeishi humo kwa amani. Kule unakokwenda nchi hiyo haimo kwenye ramani ya wakaguzi.

Sitaki uondoke ukidhani mama yako anaona giza tu. Nimesoma upande wa pili pia. Kiwango cha mauzo kinacholazimisha kampuni kuomba ruhusa kimepandishwa, kwa hiyo miungano midogo haisumbuliwi kama zamani. Miongozo mingi imeandikwa, mtu anaweza kujua mapema wanaangalia nini. Mafaili mengine yanapelekwa mikoani ili yasirundikane mji mkuu. Serikali za mitaa zinatakiwa zijikague zisije zikaandika kanuni za kubeba kampuni za nyumbani. Rasimu zinatolewa hadharani, na wageni wanatoa maoni. Wapo wanasheria wa kule kule wanaotaka sababu za maamuzi ziandikwe kwa kirefu, na hao nawavulia kofia, maana kusema hivyo ukiwa ndani ni kazi ngumu kuliko yangu ya kupiga kelele kutoka Kentucky. Hayo ni mageuzi ya kweli. Swali langu ni lile lile la mgomvi: sheria inapimwa siku ya amani, au siku wakubwa wamenuniana? Na usiniambie huku ni peponi. Huku pia mgeni hunyimwa kununua kampuni kwa jina la usalama wa taifa, na si lazima aelezwe yote. Kila nchi ina chumba ambacho faili linaweza kulala. Nataka tu usiwe wewe mto wa kulalia.

Mchana nilikuomba usiende. Ulikuwa unakunja mashati, hukuniangalia.

"Mama, nimejifunza Kichina miaka yote ile niende wapi? Buffalo?"

Nilicheka kwa kuwa ilikuwa lazima. Na nikaona kwamba ombi langu lilikuwa baya. Kwa hiyo nimeliondoa, naweka hili: usiitie sahihi karatasi ile mpaka iandikwe ndani yake kwamba una uwezo wa kuinuka. Ukisikia bei inatajwa, useme kwa sauti kwamba hukubali, uinuke, uondoke, hata kama chai imeshamiminwa, hata kama mwenyekiti ni mzee wa kuheshimiwa, hata kama faili la kampuni liko miguuni pake. Iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba uliondoka, na lini. Na bosi asiwe na ruhusa ya kukuadhibu kwa hilo. Mhusika asiye na uwezo wa kukataa si mhusika, ni kafara. Utavunja adabu niliyokulea nayo. Ivunje. Nitajibu mimi kwa watu wetu.

Sasa nina jambo la kukuambia kabla hujalisikia kwingine. Jioni hii, kabla ya barua hii, nilimwandikia bosi wako. Ujumbe mrefu, Nadine, wenye meno. Nilimwita majina ambayo hata kwenye kikundi siandiki. Nilikuwa nimeshaweka anwani yake. Baba yako akasoma juu ya bega langu mpaka mwisho, akanisifu kwa Kiingereza changu, kisha akasema, "Kizuri. Na Nadine ataandika lini?"

Nimeufuta.

Na hapa, nikiwa katika mstari huu, simu yako imelia. Ukuta ni mwembamba, sikutegi sikio, maneno yanakuja yenyewe. Ni yeye, bosi. Nasikia kumbe ulimwandikia tangu jana na hukutuambia. Unamwambia hutaweka jina lako bila uwezo wa kuondoka mkutanoni na kuzuia bei ya kampuni isitumwe kwa wateja. Amesema kitu kirefu. Sauti yako inatetemeka, naijua inavyotetemeka, na miguu yangu imeshafika mlangoni kwako kabla sijaiamuru. Umesema: hapana. Amesema tena. Umesema: basi mtafute mtu mwingine.

Sijui amejibu nini. Sijui kama kesho kuna safari au hakuna.

Nimerudi mezani. Ukitoka na sanduku, baba yako ameshaweka mafuta kwenye gari. Ukitoka bila sanduku, nitakuchemshia chai nyingine, wala sitauliza mpaka useme mwenyewe. Mlango wako umefungwa, mwanangu, na mimi sijabisha.

Ni mimi,
Mama